Sashi klempu, rula ndefu na pimamaji mnaweka wapi kwenye ofisi ndogo? Kijana wangu kaumia

FundiWaChumbageni

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa mafundi seremala wenzangu, hili jambo limenisumbua muda mrefu na wiki hii limeniumizia kijana.

Ofisi yangu iko Tanga, banda la futi 12 kwa 16, kuta tatu ni tofali za saruji, mbele mabati na mlango mpana. Ndani kuna benchi la futi 7, mashine ya kupasulia ya meza, bendiso ndogo ya mtumba (mashine ya msumeno wa bendi) na mbao za wateja. Zamani nilikua natengeneza stuli na vimeza vidogo vifaa vyote vinaingia kwenye sanduku moja nafunga naenda nyumbani. Tangu nianze kupata oda za milango na makabati nimekua nanunua vifaa virefu kimoja kimoja na sa hivi nina sashi klempu (zile klempu ndefu za chuma za kubania mbao zikigundishwa) 6 za futi 4, nyingine 4 za futi 6, rula ya alumini ya futi 8, pimamaji ya futi 4, fito mbili za mninga nilizozinyoosha mwenyewe natumia kupigia mistari, na ule msumeno wa kupasulia wa watu wawili aliouacha marehemu baba. Vyote hivyo vimeegemea kona moja nyuma ya mlango.

Jumanne dogo kaenda kuchukua klempu ya ndani kabisa. Kavuta, zile za mbele zikaanza kuteleza moja baada ya nyingine, ya futi 6 ikamshukia mguuni na alikua amevaa ndala. Niliipima klempu hiyo kwenye mizani ya duka jirani, kilo 7 na ushee. Hospitali wamepiga picha wakasema mfupa haujavunjika, tunamshukuru Mungu, ila kucha ya kidole gumba imekua nyeusi yote na atakaa nyumbani siku kadhaa. Namlipa kama kawaida maana kaumia kwenye kazi yangu na kona ile niliijaza mimi.

Pimamaji nayo ilianguka siku hiyohiyo, kwa macho iko sawa ila sina imani nayo tena. Alafu kuna kutu, ncha za chini zinazogusa sakafu zimeshaanza kumomonyoka. Mwezi uliopita nilibana mlango wa mvule usiku kucha, asubuhi nafungua nakuta alama nyeusi kila chuma kilipolalia, nilipiga msasa karibu nusu siku.

Nilifikiria kuzipandisha zote juu kwenye kenchi ili nipate nafasi chini. Nyie mnafanyaje? Naomba mawazo ya mtu anayefanya kweli.

Randa_Keko

Pole sana mkuu, na mpe pole dogo. Kitu cha kwanza kabla hujaweka hata msumari mmoja ukutani, toa ndala ofisini. Buti za mtumba hata zisizo na chuma mbele zina nafuu kubwa kuliko kidole wazi.

Kuhusu kona, kona ni mtego, sote tumepitia. Kifaa kirefu ukikiegemeza kinasimamia ncha moja tu, sakafu ya saruji ina vumbi la mbao inateleza, na ukishaweka cha pili mbele ya cha kwanza tayari vinashikana. Unachotakiwa ni kila kimoja kining'inie chenyewe, ukitoa kimoja kingine kisijue kama kuna mtu amepita.

Mimi nilifanya hivi kwa klempu za futi 4. Nilichukua plaiwudi ya mm 18 vipande viwili nikavigundisha vikawa kitu kimoja kinene, upana inchi 5. Nikakata nafasi kwa mbele kama meno ya kitana, kila nafasi nusu inchi na kidogo ili ule ubao wa chuma wa klempu uingie bila kulazimisha, kina chake inchi 2 na nusu. Toka katikati ya nafasi moja mpaka nyingine acha inchi 4, ukibana sana mikono ya skrubu inagongana unashindwa kutoa. Klempu inaingia kwa mbele, kichwa chenye skrubu kinakaa juu ya plaiwudi, mwili unaning'inia chini. Usiikalishe hiyo plaiwudi sawasawa, inamishe kidogo kuelekea ukutani, yaani upande wa mbele uwe juu kama nusu inchi, hapo hata mtu akigonga ukuta klempu haitembei kuja mbele.

Usipige misumari ya saruji. Klempu 6 za kilo 5 ni kilo 30, ongeza uzito wa mtu anayevuta. Tofali nyingi za mitaani mchanga mwingi saruji kidogo, msumari unashika wiki mbili alafu unatoka na donge. Funga kwanza mbao ya 2x4 ukutani kwa bolti za kupanua za mm 10, nne, toboa katikati ya tofali sio kwenye maungio, alafu hiyo plaiwudi yako ifunge kwenye mbao na vibao vya pembetatu kwa chini. Ning'inia mwenyewe hapo kabla hujaweka kitu. Ikikubeba wewe itabeba klempu.

Zile za futi 6 usizining'inize. Kichwa kitakua juu ya kichwa chako na kila siku utakua unanyanyua kilo 7 mikono ikiwa imenyooka juu, siku umechoka inakurudia usoni. Zilaze. Tafuta fundi wa kuchomelea akutengenezee mikono mitatu ya pipe skwea, ifunge usawa wa kiuno kwenye ule ukuta mrefu, ncha iwe imekunjwa juu kidogo. Unazitoa kwa mikono miwili zikiwa usawa wa tumbo.

Kenchi_Boy

Mi nna miaka minne naweka kenchi na sijawahi kupata shida kaka. Banda dogo utafanyaje? Ukuta ukiujaza klempu mbao utaweka wapi. Napanda stuli natoa nafanya kazi narudisha, simple tu

Randa_Keko

@Kenchi_Boy nakuelewa kuhusu nafasi ila hapo kwenye stuli ndio tatizo lilipo. Mlango ukishapakwa gundi una dakika chache tu, gundi nyeupe kwa joto la pwani inaanza kukauka kabla hujamaliza kubana, sasa wewe uko juu ya stuli una chuma cha kilo 7 unatafuta pa kukanyaga na chini dogo ameshika ubao. Na bati likivuja kidogo wakati wa masika klempu ndio zinapokea maji za kwanza. Kenchi weka vitu vyepesi unavyogusa mara moja kwa mwezi, vipande vya urembo, paneli za sampuli. Chuma hapana.

Kenchi_Boy

Hapo kwenye gundi umesema ukweli. Nlishawahi kurudia droo nzima kwa sababu ya kuchelewa kubana

Mzee_wa_Tezo

Asalaam aleikum mafundi. Mimi niko upande wa Mombasa, kazi nimeanza kwenye majahazi kabla sijaingia milango, kwa hivyo kutu naijua vyema.

Mwanangu wa Tanga, hewa yetu ina chumvi na chuma hakipumziki. Sakafu ya saruji nayo yavuta unyevu kutoka chini, ndiyo maana zile ncha zaoza. Chombo chochote cha chuma kisiguse sakafu wala ukuta mtupu, weka japo kibao baina yake. Na ukimaliza kazi fagia maranda yote yaliyojishika kwenye vyuma, kwani vumbi la mbao lafyonza maji ya hewa na kuyakalisha pale pale juu ya chuma. Watu walaumu bahari na huku wameacha maranda juu ya randa wiki nzima.

Usipake oili chafu. Najua vijana wapaka kwa kuwa ni ya bure, lakini mkono utaigusa, mkono utagusa mbao, na vanishi haitashika pale. Na ile dawa ya kupuliza yenye silikoni usiingize kabisa mahali panapopakwa vanishi, itakutia vijidutu kama macho ya samaki na hutajua vyatoka wapi. Tumia nta ya nyuki. Iyeyushe kwenye kopo, na hilo kopo likae ndani ya maji moto, si juu ya moto wenyewe. Ikishayeyuka itoe nje mbali na jiko, ndipo utie tapentaini kidogo kidogo ukikoroga mpaka ikipoa iwe laini mfano wa samli. Tapentaini na moto havikai pamoja, hili nalirudia. Safisha kutu kwanza kwa msasa mwembamba, kausha, paka nta kwa tambara, iache kitambo kidogo, kisha isugue. Hupati mafuta mkononi, na gundi ikidondoka juu ya chuma yabanduka kwa kucha.

Zile alama nyeusi si uchafu mwanangu. Mvule una maji yake ndani, na chuma kikikutana na mvule huku gundi ikiwa mbichi, vitatu hivyo hupika weusi. Hata ukipiga msasa waweza kuingia ndani sana. Alama ikiwa changa, ndimu huipunguza, wapaka, waacha kidogo, kisha wafuta kwa maji safi na kukausha. Lakini bora isiingie. Ukibana mvule au mtiki, tia kipande cha nailoni baina ya chuma na mbao. Mimi hupasua paipu ya plastiki kwa urefu nikaivalisha chuma pale kinapopita juu ya maungio yenye gundi, na paipu hiyo naitumia mwaka mzima.

Huo msumeno wa mzee wako nimeusoma mara mbili. Usiuegemeze. Ukiegemea miezi mingi wajipinda, na bamba refu likishapinda kulinyoosha kwataka mtu anayejua kupiga nyundo, na watu hao wamebaki wachache. Chukua mpira wa kumwagilia maua, upasue kwa kisu urefu wote, uvalishe meno kutoka ncha hadi ncha, ufunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli sehemu tatu. Kisha ulaze juu ya misumari miwili mikubwa iliyovishwa mpira, mgongo juu, meno chini, bamba lisimame wima kwa upana wake. Upake nta pande zote mbili. Hata kama hautaupasulia tena mbao, chombo cha baba hakiachwi kuliwa na kutu.

FundiWaChumbageni

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa sana hapo mwisho. Kesho natafuta huo mpira.

Patasi_Mwanza

Pole kaka. Mimi nilisoma useremala VETA na kitu mwalimu wetu alikua mkali nacho ni vifaa vya kupimia, alikua anasema msumeno butu unajionyesha wenyewe ila pimamaji mbovu inakudanganya mpaka siku ya kufunga mlango. Kwa hiyo hiyo iliyoanguka usiifungie kazi ya mtu kabla hujaijaribu, na kuijaribu ni bure.

Iweke juu ya benchi, chora kwa penseli mahali ilipokaa, angalia kiputo kimesimama wapi, sio lazima kiwe katikati, we kariri tu kiko umbali gani na mstari na upande upi. Alafu igeuze, ncha ya kulia iende kushoto, uikalishe palepale ulipochora. Kiputo lazima kikae upande uleule wa ofisi, umbali uleule. Yaani kama kilikua kimesogea kuelekea mlangoni, baada ya kugeuza bado kisogee kuelekea mlangoni kwa kiasi kilekile. Kikihamia upande mwingine basi pimamaji ndio inasema uongo. Fanya hivyohivyo ya kusimama, iweke ukutani, chora mstari kiputo kikiwa katikati, igeuze uso mwingine utazame ukuta, chora tena. Mistari ikiachana juu au chini hiyo ni ya kutupa au ya kuchanganyia zege.

Rula nayo hivyohivyo. Kwenye plaiwudi nzima piga mstari mwembamba wa futi 8, geuza rula kama unafungua kitabu ili ukingo uleule urudi kwenye mstari upande wa pili, piga tena ukianzia nukta zilezile. Ukiona mistari imeachana katikati mm 2, rula yako imepinda mm 1, maana kosa linajionyesha mara mbili. Fito zako za mninga zipime hivyo kila msimu wa mvua ukibadilika, mbao inatembea. Uzuri wa mninga hautembei sana na ikipinda unairanda unaendelea, alumini ikipinda ndio basi.

Kuhifadhi: rula na fito toboa tundu ncha moja, ning'iniza kwenye msumari mmoja. Kitu kikining'inia kwa tundu kinavutwa na uzito wake kwenda chini, hakuna kinachokipinda kati. Futi 8 kama ukuta hauruhusu basi ilaze kwenye vishikio vitatu, sio viwili, viwili inalegea katikati. Na fito za mbao zisikanyage chini kabisa, mchwa hawana habari kama ni mninga au paini wakishaanza kujenga njia. Mninga wenyewe wanauogopa ila ile sehemu nyeupe ya pembeni wanakula.

La mwisho ni kubeba. Sashi klempu ina kile kichwa kinachotembea na pini yake ya mnyororo. Kabla hujainyanyua sogeza kichwa hicho mpaka karibu na kichwa cha skrubu, pini iingie yote. Nilishaona mwenzetu kabeba klempu wima, pini haijaingia vizuri, kile kichwa kikashuka chote mpaka kwenye vidole vyake vilivyoshika chini. Damu ilikua nyingi. Ukibeba kifaa kirefu ndani, ncha ya mbele uiangalie muda wote, ya nyuma ndio inavunja taa na kumpiga mtu, kwa hiyo sema kwa sauti kabla hujageuka. Sisi tunasema "napita na ndefu", kila mtu anasimama.

Ukienda saiti usikubali bodaboda aweke pimamaji ikakaa mkingamo nyuma yake. Kata paipu ya PVC ya inchi 4, ziba ncha moja kwa kofia yake, ndani weka tambara, pimamaji iingie humo na kamba ya kuvaa mgongoni. Ikianguka inaanguka na nyumba yake.

FundiWaChumbageni

Dada asante sana, nimefanya hilo jaribio sasa hivi na tochi ya simu. Kulala iko sawa kabisa. Kusimama imeachana kama mm 3 kwa urefu wake. Ndio maana fremu ya wiki jana ilikua inajifungua yenyewe na mimi nikamlaumu fundi wa ukuta. Jumatatu nitaenda kwa mteja niirekebishe, na yule fundi nitamwomba radhi.

Naomba niongeze swali moja kabla sijaanza kufunga. Zile bendi za bendiso nazo zinanisumbua, ni mduara wa karibu futi 8 za chuma chenye meno, nimezitundika kwenye msumari zinaning'inia mpaka magotini na kila mtu anapita kwa kujibanza. Wanaouza wanazileta zimekunjwa miduara mitatu midogo, mimi kila nikijaribu inaruka.

Randa_Keko

Inaruka kwa sababu unaipiga vita. Glovu za ngozi kwanza, miwani, buti. Simama, ishike mbele yako ikiwa duara kubwa, meno yatazame mbele yasikutazame wewe. Sehemu ya chini ikanyage kidogo kwa soli ya buti, kidogo tu isihame. Mikono miwili ishike pembeni usawa wa mabega, kulia na kushoto. Sasa zungusha viganja vyote viwili kwa pamoja kuelekea ndani huku unashusha mikono taratibu kwenda sakafuni. Sehemu ya juu itainama mbele, na ukiendelea kushusha bila kusimama inaanguka yenyewe imekua miduara mitatu. Ukisita katikati ndio inaruka. Jifunze na bendi butu mara kumi kumi na tano, mkono ukishajua hautasahau.

Ifunge sehemu mbili kwa kamba, andika kwenye kikaratasi meno mangapi kwa inchi, na kama imechongwa ama bado. Itundike kwenye kitu kinene, kipande cha mti au kopo la rangi lililofungwa ukutani, usiitundike kwenye msumari maana inabonyea hapo. Kufungua nyoosha mikono mbali na uso, tegua kamba, achia mduara mmoja mmoja ukiwa umeishika. Watu wanaitupa hewani ifunguke, usifanye hivyo ndani ya futi 12 na watu wamo. Na ile iliyoko kwenye mashine legeza mvuto jioni ukifunga, itadumu zaidi na mpira wa magurudumu hautabonyea.

Mzee_wa_Tezo

Na bendi zipake nta pia, kidogo tu.

FundiWaChumbageni

Wakuu narudi na mrejesho. Nimefunga Jumamosi na Jumapili. Klempu za futi 4 ziko kwenye kitana cha plaiwudi kushoto kwa benchi, nilining'inia mwenyewe na jirani yangu wa magodoro akaning'inia, haikutikisika. Niliacha nafasi 8 ingawa ninazo 6. Za futi 6 zimelala kwenye mikono mitatu ya pipe skwea usawa wa kiuno, vichwa vyote vimeelekea ndani ili mtu anayeingia asikutane navyo. Chini yake pamebaki wazi, nimeingiza mbao fupi. Yaani nafasi niliyokua naitafuta kenchi ilikua imelala chini ya klempu zenyewe.

Msumeno wa baba niliusugua kutu na msasa 320 na mafuta ya taa, nikaukausha, nta, mpira wa maua kijani. Chini ya kutu karibu na mpini zimetokea herufi mbili za jina lake alizogonga kwa msumari, miaka yote sikuwahi kuziona. Uko juu ya benchi mgongo juu kama mzee alivyosema.

Dogo amekuja leo asubuhi anachechemea kidogo, ana buti. Nilimwambia aende achukue klempu ya tatu. Akaitoa, akaangalia pini, akaisogeza kichwa, akasema "napita na ndefu" ingawa tulikua wawili tu ofisini.

Kilichobaki ni pimamaji mpya, hiyo nitainunua wiki ijayo na nitaigeuza palepale dukani kabla sijatoa hela.

Patasi_Mwanza

Ijaribu juu ya kioo cha kaunta kaka, na ya kusimama iweke kwenye fremu ya mlango wa duka. Wakikukataza nenda duka la pili.